Kisukari cha mimba: mwongozo kamili wa kupima, kula na kufuatilia sukari hadi baada ya kujifungua

Majibu ya kipimo cha sukari yakitoka juu, wajawazito wengi huanza kuhesabu soda na keki walizokula tangu mimba iingie. Hesabu hiyo iache. Kinachopandisha sukari katika kisukari cha mimba ni kondo la nyuma. Linatoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari, mwilini mwa mama ili glukosi ibaki kwenye damu muda mrefu zaidi na mtoto apate chake. Kila mjamzito hupitia hali hiyo. Kwa walio wengi kongosho huongeza insulini na mambo yanakwenda, ila kwa wengine ongezeko halitoshi na sukari inapanda. Unene, umri mkubwa, kisukari katika familia, au kuwahi kuzaa mtoto mkubwa sana huongeza uwezekano. Hata hivyo wapo wembamba na vijana wanaokipata, na wapo wapenzi wa vitu vitamu wasiokipata.

Kwa mtoto hali iko hivi: glukosi ya mama inavuka kondo, insulini ya mama haivuki. Sukari ikiwa nyingi, kongosho la mtoto mwenyewe hulazimika kutengeneza insulini ya ziada, na insulini hiyo hugeuza sukari kuwa mafuta, hasa mabegani na tumboni. Daktari Jørgen Pedersen wa Denmark alieleza mlolongo huu tangu miaka ya 1950. Ndiyo maana kunahofiwa mtoto wa zaidi ya kilo 4, mabega kukwama wakati wa kuzaliwa, na sukari ya mtoto kushuka ghafla saa za mwanzo. Kwa mama, uwezekano wa kifafa cha mimba na wa kujifungua kwa upasuaji huongezeka. Sukari ikidhibitiwa hatari hizi hupungua sana, na wanawake wengi huidhibiti kwa chakula na mwendo tu.

Hatua ya 1: Jua unapimwa kipimo gani

Usitegemee dalili, kwa kawaida hazipo. Kiu na kukojoa mara kwa mara ni mambo ya kila mjamzito. Usitegemee pia kipimo cha mkojo: figo za mjamzito huweza kuvujisha sukari hata damu ikiwa sawa, na mkojo safi hauthibitishi kwamba damu nayo iko sawa. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu nacho hakitoshi hapa, kwa sababu wakati wa mimba chembe nyekundu za damu hubadilika haraka na kipimo huonyesha namba iliyo chini ya hali halisi.

Kinachotumika ni kunywa glukosi na kupimwa damu, kwa kawaida kati ya wiki ya 24 na ya 28, wakati homoni za kondo zinaanza kupamba moto. Mwenye hatari kubwa hupimwa mapema zaidi, na majibu yakiwa sawa hurudia wiki hizo hizo.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kipimo kimoja cha gramu 75 za glukosi: unafika bila kula, unatolewa damu, unakunywa, kisha unatolewa tena baada ya saa 1 na saa 2. Ya pili ina awamu mbili: kwanza unakunywa gramu 50 bila kulazimika kufunga na kupimwa baada ya saa 1. Ukivuka kiwango, unaitwa siku nyingine kwa gramu 100 na saa 3 za kutolewa damu. Kushindwa ile ya gramu 50 bado si kuwa na kisukari. Wengi wanaoitwa awamu ya pili hukutwa wako sawa, kwa hiyo ukiitwa nenda bila kujihukumu.

Hatua ya 2: Siku tatu kabla ya kipimo

Kula kama kawaida yako, wanga ukiwemo, angalau gramu 150 kwa siku. Wapo wanaojinyima wali na mkate siku hizo ili wafaulu. Hapo unajiharibia: mwili uliokosa wanga siku kadhaa huipokea glukosi ya ghafla vibaya zaidi, na majibu yanaweza kutoka juu kuliko yalivyostahili. Na hata kama ungefanikiwa kuyashusha, ungekuwa umemficha nani? Mtoto anapokea sukari halisi, haangalii karatasi ya maabara.

Usiku wa kuamkia kipimo acha kula saa 8 hadi 12 kabla. Maji matupu yanaruhusiwa, tena yanasaidia mishipa isijifiche. Kahawa, chai, bigijii na sigara haviruhusiwi. Kama unatumia dawa yoyote, hasa za pumu au zenye steroidi, mweleze mkunga mapema.

Hatua ya 3: Siku ya kipimo

Omba nafasi ya asubuhi kabisa ili saa za njaa ziwe za usingizini. Beba kitu cha kusoma, nguo ya mikono inayokunjika kirahisi na chakula cha kula mara damu ya mwisho ikitolewa. Mtu wa kukusindikiza atafaa, maana kuna wanaopata kizunguzungu.

Glukosi yenyewe ni maji matamu kupita kiasi, yanayonata kooni na kubaki mdomoni. Yakiwa ya baridi hunyweka kwa unafuu. Maabara nyingine huruhusu tone la limau, uliza kwanza. Unatakiwa umalize ndani ya dakika 5, kwa hiyo usiyalambe kidogo kidogo kama dawa chungu wala usiyabugie kwa pumzi moja, kwa sababu tumbo tupu likishtuka hurudisha. Funda la wastani, pumzika, funda jingine. Muda huhesabiwa kuanzia funda la kwanza, basi andika saa wewe mwenyewe.

Kisha kaa. Hapa watu wengi huteleza bila kujua: wanatoka nje kuzungumza na simu, wanazunguka sokoni, wanapanda na kushuka ngazi. Misuli inayofanya kazi hula sukari, na majibu yanatoka chini kuliko ukweli. Ukitapika, sema papo hapo, kwa kuwa kipimo hicho kimeharibika na kitapangwa siku nyingine. Najua hakuna anayetaka kurudia, lakini majibu ya glukosi iliyoishia kwenye beseni hayana maana yoyote.

Jambo moja la kuuliza kwa upole ni damu inawekwa wapi na itapimwa saa ngapi. Chembe za damu huendelea kula glukosi hata zikiwa ndani ya chupa, kwa hiyo sampuli iliyokaa mezani kwa saa kadhaa bila kutenganishwa wala kuwekwa kwenye barafu husoma chini.

Hatua ya 4: Soma majibu

Kwa kipimo cha gramu 75, vigezo ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivipitisha mwaka 2013 ni hivi: kabla ya kunywa 5.1 mmol/L (92 mg/dL), baada ya saa 1 10.0 (180), baada ya saa 2 8.5 (153). Namba moja tu ikifika au kuvuka, una kisukari cha mimba. Kwa kipimo cha gramu 100, vigezo vinavyotumika sana ni 5.3 kabla ya kunywa, kisha 10.0, 8.6 na 7.8 baada ya saa 1, 2 na 3, na huhitajika viwili au zaidi kuvuka. Uingereza ina vigezo vyake: 5.6 kabla, 7.8 baada ya saa 2. Kama maabara yako inaandika kwa mg/dL, gawanya kwa 18 upate mmol/L.

Tofauti hizi huwachanganya watu, lakini zina sababu. Utafiti mkubwa uitwao HAPO, uliochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha zaidi ya wajawazito 23,000 katika nchi 9, ulionyesha kwamba hatari hupanda polepole pamoja na sukari, bila mahali pa wazi ambapo usalama unaishia na hatari inaanza. Mstari umechorwa kwa makubaliano ya wataalamu. Kwa hiyo aliyepata 5.0 asilale usingizi wa pono, na aliyepata 5.2 asilie kama amefiwa.

Ila ukikuta 7.0 au zaidi kabla ya kula, au 11.1 au zaidi saa 2 baada ya glukosi, hicho si kisukari cha mimba cha kawaida. Kinahesabiwa kuwa kisukari kamili, pengine kilikuwepo kabla, na hutibiwa kwa haraka zaidi.

Hatua ya 5: Mashine, kidole na daftari

Utapewa au kushauriwa kutafuta mashine ya kupimia sukari. Ratiba ya kawaida ni mara nne kwa siku: asubuhi kabla ya kula chochote, kisha baada ya kila mlo mkuu. Malengo ya wengi ni haya:

- Asubuhi kabla ya kula: chini ya 5.3 mmol/L (95 mg/dL)
- Saa 1 baada ya mlo: chini ya 7.8 (140)
- Saa 2 baada ya mlo: chini ya 6.7 (120)

Chagua ama saa 1 au saa 2, kama ulivyoelekezwa, na usichanganye. Saa huhesabiwa tangu tonge la kwanza, si la mwisho. Weka kengele kwenye simu unapoanza kula.

Nawa mikono kwa sabuni na ukaushe. Dawa ya kupaka ya spiriti peke yake haitoshi. Mtu aliyemenya chungwa kisha akatoboa kidole anaweza kusoma 9 na zaidi ilhali damu yake iko 6, kwa sababu utamu umebaki kwenye ngozi. Ukipata namba ya ajabu, nawa, kausha, rudia kidole kingine kabla ya kuogopa. Toboa pembeni ya ncha ya kidole, si katikati kwenye mishipa mingi ya fahamu, na badilisha vidole. Stripu, vile vijikaratasi vya kupokea tone la damu, zikae ndani ya kopo lake limefungwa, maana unyevu huziharibu, na angalia tarehe ya mwisho ya matumizi.

Kwenye daftari usiandike namba peke yake. Andika ulikula nini, kiasi gani, ulilala vipi, ulitembea au la. Namba isiyo na chakula pembeni haimwambii daktari kitu, wala wewe haikufundishi.

Hatua ya 6: Sahani

Hapa ndipo kazi ilipo. Maoni yangu ni kwamba ile karatasi ya vyakula vilivyokatazwa inayosambazwa toka mkono hadi mkono ina madhara kuliko faida. Inawafanya wanawake waache wanga wote, wakonde, washinde na njaa. Mjamzito anahitaji angalau gramu 175 za wanga kwa siku. Ukishuka sana mwili unaanza kuchoma mafuta na kutoa ketoni, na hazitakiwi kuzidi wakati wa mimba. Mambo ya kuyatazama ni wanga kiasi gani kwa wakati mmoja, wa aina gani, umeliwa na nini.

Anza na kuujua wanga ukiuona. Kipande kimoja cha mkate kina takriban gramu 15. Kikombe cha wali uliopikwa, kama 45. Chungwa au tufaha dogo, 15. Glasi ya maziwa, 12. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa, kama 20, lakini yamekuja na protini na nyuzinyuzi, hivyo hupanda taratibu. Glasi ya juisi ya machungwa, hata uliyokamua mwenyewe bila kuongeza chochote, ni gramu 25 hivi zinazoingia kama mafuriko, kwa kuwa nyuzinyuzi zimebaki kwenye kichujio. Asali, sukari ya kahawia na sukari nyeupe, damu haizitofautishi. Nyama, samaki, mayai na mboga za majani havina wanga wa kukutisha.

Gawanya siku iwe milo mitatu ya wastani na vitafunio viwili au vitatu. Asubuhi ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu homoni za alfajiri zinaidhoofisha insulini. Chakula kilekile ambacho mchana kinakupa 6.9, asubuhi kinaweza kukupa 8.5. Chukua mfano huu: vipande viwili vya mkate mweupe, kijiko cha jemu na chai yenye vijiko viwili vya sukari ni karibu gramu 50 za wanga, na karibu vyote ni vya haraka. Kipande kimoja cha mkate wa unga usiokobolewa, mayai mawili, nyanya na chai isiyo na sukari ni gramu 15 hadi 20, na utashiba kuliko yule wa kwanza. Matunda na maziwa vipeleke kwenye kitafunio cha saa nne, visikae pamoja na mlo wa asubuhi.

Mchana na jioni, nusu ya sahani iwe mboga zisizo na wanga, robo protini, robo wanga. Anza kula mboga na kitoweo, wali uwe wa mwisho. Mpangilio huo peke yake hushusha kilele cha sukari. Wanga mzima hupanda polepole kuliko uliosagwa laini, na uji mzito wa nafaka nzima ni bora kuliko ule mwepesi wa unga uliokobolewa.

Sasa tumia mashine kama mwalimu. Tuseme jana jioni ulikula kikombe na nusu cha wali, samaki na mboga kidogo, ukasoma 8.7 saa 1 baadaye. Leo pika chakula hichohicho, badilisha kitu kimoja tu: wali uwe kikombe kimoja, mboga ziongezeke. Ukisoma 7.4, umepata kipimo chako cha wali. Ukisoma 8.2, kesho bakiza kikombe kimoja ila tembea baada ya kula. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kilichokusaidia. Jirani yako anaweza kula viazi na kubaki sawa huku wewe ukipanda, na kwa tambi ikawa kinyume chake. Ndani ya wiki mbili utakuwa na orodha yako mwenyewe inayoushinda ushauri wowote wa jumla, huu wangu ukiwemo.

Sukari ya asubuhi ina kichwa chake. Haitegemei sana chakula cha jana, kwa sababu usiku ini hutoa glukosi lenyewe. Jaribu kitafunio kidogo kabla ya kulala chenye protini na wanga kidogo, kama mtindi usio na sukari na karanga, na usikae zaidi ya saa 10 bila kula. Wengine hufanikiwa. Wengine hula vizuri, hutembea, hulala mapema, na bado asubuhi inasoma 5.7. Hao wanahitaji dawa, na kuwaambia wajitahidi zaidi ni kuwaonea.

Hatua ya 7: Mwendo

Kama mkunga hajakuzuia, tembea dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo. Si lazima utoke jasho, mwendo wa kuzungumza bila kuhema unatosha. Kwa wiki lenga dakika 150. Ukiwa umechoka, kazi ya kusimama jikoni baada ya kula ni afadhali kuliko kujilaza papo hapo.

Hatua ya 8: Ikifika dawa

Wiki moja au mbili za chakula na mwendo zikipita na namba bado zinavuka, dawa huanza. Insulini haivuki kondo kwa kiasi cha kumgusa mtoto, na ndiyo sababu inapendelewa sehemu nyingi. Metformini ni kidonge na inavuka kondo, lakini hutumika katika nchi nyingi. Jadili na daktari wako. Dozi ya insulini itapandishwa mara kwa mara, hasa kuelekea wiki ya 32 na kuendelea, kwa kuwa kondo linakua na homoni zinaongezeka. Sahani iliyokufaa wiki ya 28 inaweza kukukataa wiki ya 33, na wewe hujakosea popote.

Anayetumia insulini ajue kushuka kwa sukari: kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, namba chini ya 3.9. Chukua gramu 15 za sukari ya haraka, kama nusu glasi ya juisi au vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, kisha kula kitu cha kukaa tumboni. Hapa juisi ni dawa.

Usisubiri siku ya kliniki endapo mtoto amepunguza kucheza, kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, una maumivu makali chini ya mbavu au uvimbe wa ghafla usoni, au unatapika kiasi cha kushindwa kula ilhali unatumia insulini. Nenda siku hiyohiyo, hata usiku.

Kujifungua na baada yake

Muulize daktari mapema mpango wa tarehe. Mwongozo wa Uingereza, kwa mfano, hautaki mwenye kisukari cha mimba avuke wiki 40 na siku 6 kabla ya kujifungua. Wanaotumia dawa mara nyingi huwahishwa kidogo. Kisukari cha mimba peke yake si sababu ya upasuaji.

Kondo likitoka, homoni zimetoka nalo. Kwa kawaida dawa husimamishwa siku hiyohiyo. Mtoto atachomwa kisigino mara kadhaa kupimwa sukari, maana kongosho lake bado linatoa insulini nyingi huku sukari ya mama imekatika. Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, kisha kila baada ya saa 2 hadi 3, hata kama inabidi umwamshe.

Kipimo kinachosahaulika kuliko vyote ni cha wiki 4 hadi 12 baada ya kujifungua: gramu 75 zilezile, saa 2. Mama ana usingizi wa mang'amung'amu, mtoto analia, na kliniki inauliza habari za chanjo tu. Kiandike kwenye kadi ya chanjo ya mtoto, tarehe kabisa, ili zikumbukwe pamoja. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano wa karibu mara 10 wa kupata kisukari cha aina ya pili baadaye kuliko ambaye hakukipata. Kunyonyesha na kupunguza uzito wa ziada hushusha hatari hiyo. Hata majibu yakiwa safi, pima kila mwaka 1 hadi 3, na katika mimba ijayo useme historia hii kwenye hudhurio la kwanza kabisa ili upimwe mapema bila kusubiri wiki ya 24.